Wadi: korongo linalosubiri maji

Ukitoka Dar ukatua Muscat, Oman, wiki haiishi hujalisikia neno wadi: Wadi Adai, Wadi Shab, Wadi Bani Khalid. Wabongo wengi hulifasiri "bonde" wakaridhika. Bonde linakuwa bonde hata lisipopitiwa na maji. Mzizi wa wadi katika Kiarabu unahusu kutiririka, kwa hiyo ni njia ya maji hata kama leo unaona changarawe, mbuzi na migunga mitupu. Korongo lina ukaribu zaidi. (Na halina undugu na wodi ya hospitali, hiyo ni ya Mwingereza.) Huko Hispania Waarabu waliacha al-wadi al-kabir, mto mkubwa, ambao siku hizi unaitwa Guadalquivir.

Mtu wa Dar anayajua mafuriko ya Jangwani, jina la ukame na maji ndiyo kwao: Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro haipitiki. Lakini Dar mvua kwa kawaida unaiona mwenyewe. Wadi inakuja jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali, kwenye milima ya Hajar. Mlima ule ni mwamba mtupu, haunywi maji. Yanateremka yote kwa mkupuo, yakisukuma mawe na magogo.

Barabara inapokata wadi kuna nguzo nyeupe zenye sehemu nyekundu. Maji yakifika kwenye nyekundu, simama, hata kama wa mbele yako amepita. Yanayokwenda kasi, sentimita 30 tu zinaweza kuelea na gari dogo. 60 huchukua magari mengi, yale ya juu yakiwemo. Kama mmekaa chini kivulini na maji safi yakageuka ghafla rangi ya udongo, au mkasikia mngurumo, pandeni ukingoni kwa miguu. Gari liacheni.

Gari likizimika majini, kosa la wengi ni kupiga stata tena. Maji yaliyovutwa na njia ya hewa yakiingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, mkono wake unapinda na injini imekwenda. Livutwe likiwa limezimwa. Fundi afungue plagi zote, azungushe injini maji yaruke nje, abadilishe chujio la hewa na aikague oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwagwe.