Manowari Yetu, Chumba kwa Chumba

Manowari tuliyoitumikia haipo tena. Ilistaafishwa, silaha zikang'olewa, ikavutwa na tagi hadi kwenye uwanja wa kuvunjia meli, na chuma chake kikayeyushwa. Hakuna makumbusho wala gati ambako mjukuu anaweza kupelekwa aoneshwe mahali babu yake alipokesha zamu. Sisi tuliobaki tulipoanza kukutana, hilo ndilo lililotuuma wote: akiondoka wa mwisho wetu, meli itabaki kuwa mstari mmoja katika orodha ya jeshi la wanamaji. Naandika tulivyokabiliana na jambo hilo, kwa sababu najua wapo mabaharia wa meli nyingine wenye hamu kama yetu na hawajui waanzie wapi.

Mwanzoni tulikutana, tukakumbatiana, tukawataja waliotangulia mbele ya haki, tukacheka, tukaachana. Vikao vilikuwa vitamu lakini hakuna kilichobaki mkononi. Mzee akiombwa asimulie kumbukumbu zake hutoa yale aliyozoea kusimulia: dhoruba kubwa, ziara ya mheshimiwa fulani, nahodha mwenye sauti ya kutisha. Hadithi zilezile kwa maneno yaleyale, na meli yenyewe humo huioni.

Kilichobadilisha mambo ni mchoro. Mwenzetu aliyekuwa fundi mitambo alikuwa ameuhifadhi mchoro wa sitaha zote, omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Tuliupeleka kwa wachapaji ukakuzwa, tukautandaza mezani, tukaanza kuulizana: kitanda chako kilikuwa wapi? Ukiamshwa kwa zamu ya usiku wa manane, ulipanda ngazi ipi? Mkono ulishika nini gizani? Palikuwa na harufu gani? Mtu aliyesahau mwaka hasahau njia aliyoipita usingizini.

Mpishi wetu wa zamani alikuwa mkimya vikao vyote. Siku alipoweka kidole kwenye jiko, alizungumza hadi chai ikapoa. Alieleza vyuma vilivyozungushwa juu ya jiko ili sufuria zisiteleze, na jinsi bahari ikichafuka alivyotia supu nusu sufuria tu, akasimama miguu imepanuka, mgongo ameuegemeza kwenye kabati, mkono mmoja unakoroga na mwingine umeshika chuma. Akamtaja kwa jina kijana aliyekuwa akimenya viazi amekaa sakafuni, maana kwenye kiti angeanguka. Jina hilo halikuwamo katika orodha yoyote tuliyokuwa nayo. Tuliliandika palepale juu ya mchoro.

Jambo moja nililisimamia bila kulegea: cheo kisiamue nani asikilizwe. Historia za meli zimejaa makamanda, ilhali waliokesha kwenye joto la injini hawatajwi. Siku moja palizuka ubishi kuhusu usiku ule injini ilipozimika. Aliyekuwa ofisa wa zamu alishikilia kwamba ilikuwa ya kulia. Fundi akamjibu kwa adabu, "Afande, wewe ulikuwa juu. Mimi ndiye niliyekuwa nayo chini, na mikono iliungua. Ilikuwa ya kushoto."

Tukaomba nakala ya batli, yaani daftari la kumbukumbu za safari za meli, kwenye hifadhi ya nyaraka. Ilituonesha saa, mahali meli ilipokuwa, upepo ulikotoka na mwendo ulivyoshuka, na ikataja injini ya kushoto. Ofisa alimpa fundi mkono mbele yetu sote. Lakini batli hiyohiyo haikusema neno kuhusu waliokuwa wakipokezana chini kule, mmoja akitolewa nje kupumua na mwingine akiingia. Tangu hapo tarehe, majira na mahali tunavitoa kwenye batli, kwa kuwa huandikwa zamu kwa zamu, na mengine yote tunayatoa kwa watu. Wawili wakipingana na batli ikiwa kimya, tunaandika maelezo yote mawili pamoja na jina la kila msemaji. Hatupigi kura.

Picha zina haraka kuliko maandishi, kwa sababu picha isiyo na majina, akifa anayeijua, haimsaidii mtu tena. Tulianza na wenye umri mkubwa. Majina tunayaandika nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwani kalamu ya wino huacha alama inayopenya. Kisha tunaziskani kwa nukta 600 kwa inchi, tunazihifadhi kama faili za TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha, na nakala zinakaa mahali tofauti mikononi mwa watu tofauti.

Msiwasahau wajane. Mama mmoja alituletea kisanduku cha barua alizoandikiwa na marehemu mumewe akiwa baharini. Hakuwahi kukanyaga sitaha ile, lakini aliwajua wote waliolala chumba kimoja na mumewe, nani alikoroma na nani alimkopa sabuni. Barua zikatupa tarehe, naye akatupa watu.

Wapo wanaouliza faida yake. Huwa nawatajia manowari ya Marekani, USS Indianapolis, iliyozamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 30 Julai 1945. Walionusurika walikuwa 316 kati ya karibu 1,200. Nahodha wao, Charles McVay, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi. Wanamaji wake walianza kukutana mwaka 1960, na wengi wao wakapigania jina lake lisafishwe hadi Bunge la Marekani lilipopitisha azimio la kumwondolea lawama mwaka 2000. Yeye alikwishafariki, lakini wangekuwa wamekaa kimya, kumbukumbu rasmi ingebaki na hukumu peke yake. Kwa HMS Hood ya Uingereza, iliyozama mwaka 1941, walipona watatu tu, na wa mwisho wao alifariki mwaka 2008. Kengele yake iliinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 2015, na leo jamaa za waliokufa ndio wanaoiendeleza kazi ya ukumbusho. Kwa hiyo watoto wetu tumewaingiza mapema, na wao ndio wanaoshika kinasa sauti tunapozungumza.

Sasa kila chumba kwenye mchoro kina ukurasa wake: nani alikuwemo, alifanya nini, mlango ulifungukia upande gani, nini kilikuwa kikiharibika kila safari. Nakala ya kwanza tumeikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka, na nyingine itafuata kadiri kurasa zinavyoongezeka. Chumba cha redio bado kina mistari michache, kwa sababu waliofanya kazi humo walikula kiapo cha siri na wengi wameondoka nacho. Tumempata mmoja. Mambo ya siri hatutamgusa nayo. Tunataka kujua alikaaje, alipumzika vipi, nani alimletea kahawa. Amekubali tumtembelee, ila ametaka mchoro umfikie kwanza aukague, kwa sababu anasema mlango wa chumba chake tumeuchora upande usio wake.