Siku niliyobeba keki kwenda kujaribu magari

Mpaka masika ya 2019 keki zangu zote zilikuwa zinasafiri kwa bajaji au kwa gari ya kuomba, na aliyewahi kupakata keki ya send-off kwenye bajaji hapa Dar, kutoka Goba mpaka Sinza, anajua mikono inavyokufa ganzi, simu inaita ni mama wa bibi harusi anauliza umefika wapi na huna mkono wa kupokelea. Hela nilikuwa nayo, ya vikoba na ya oda za Desemba, mume wangu akaongezea kidogo, yeye kazi zake zilikuwa Geita kwa hiyo alishasema mapema kabisa, mama watoto gari ni la kwako chagua mwenyewe, mi nikija likizo ntapanda tu. Jumla mil 13. Ugomvi ukawa inunuliwe nini.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na jibu kabla hata sijauliza. Rav4, lile toleo la pili ambalo hapa mjini tunaita Kilitime. "Mdogo wangu, wewe unakaa Goba, hukai Masaki. Hivyo vibebi woka achana navyo, mvua ikipiga utanipigia simu usiku nije nikuvute." Na kusema ukweli hakuwa anaongea hewani, maana kutoka lami kushuka mpaka kwetu ni udongo mwekundu mtupu, katikati kuna korongo ambalo kila mwaka linaongezeka, na pale kwenye kona kuna jiwe limekaa vibaya, serikali ya mtaa walishachangisha hela ya kifusi sijui mara ngapi. Wenye gari za juu wanapita wanapiga honi, wenye gari za chini unawaona wanashuka wanachungulia kwanza.

Mi roho ilikuwa kwenye IST, ndio hivyo vibebi woka vyake. Kwanza zimejaa, na gari ikijaa mjini maana yake kila fundi ameshaifungua na spea zipo. Ile shepu ya kwanza Toyota walianza kuitoa 2002, kuna ya cc 1300 na ya 1500, injini ile ya 1300 ndio hiyohiyo utaikuta kwenye Vitz na Funcargo, kwa hiyo ukienda kutafuta spea kwenye maduka ya Gerezani huzungushwi. Ila jina lake la utani lilikuwa linamuuma kaka kuliko lilivyoniuma mimi.

Kuagiza Japani tulipiga hesabu tukaacha. Gari yenye miaka zaidi ya kumi unalipa ushuru wa forodha 25%, ile ya uchakavu 30%, eksaizi yaani ushuru wa bidhaa, halafu VAT 18% inakuja juu ya vyote hivyo. Cha kuchekesha ni kwamba kwenye eksaizi zote mbili zinaingia kundi moja la chini ya cc 2000, maana hata ile Rav4 yenye injini kubwa ni cc 1998, sema bei yake ya kununulia ndo inavuta kodi juu. Tukasema basi, tununue mkononi kwa mtu, namba D, yaani iliyosajiliwa karibuni, iliyotunzwa.

Dalali akapata zote mbili wiki hiyohiyo, Rav4 mil 13 kasoro kidogo baada ya kuvutana, IST mil 9. Nikamwambia Jumamosi uzilete zote Goba, mafuta juu yangu. Akauliza kwa nini tusijaribu tu hapo Kinondoni kwenye lami. Nikamwambia, ndugu yangu, mi siishi Kinondoni.

Ijumaa usiku mvua ikanyesha, nikafurahi. Nikaoka keki ya ghorofa mbili, chini inchi 14 juu inchi 10, nikaipaka krimu kabisa kama ya mteja. Kawaida ghorofa unazipanga ukifika ukumbini lakini siku ile niliipanga nyumbani makusudi, nilitaka kitu kinachoanguka. Kaka alivyoiona mezani akadhani kuna birthday.

Tulianza na Rav4. Kufungua nyuma tu nikakutana na kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenitajia, mlango una tairi la spea mgongoni na unafunguka kwa pembeni kama mlango wa chumbani, kwa hiyo lazima nyuma ya gari pawe na nafasi. Mi kichwani nikaona zile kumbi za Sinza, gari zimebanana mpaka ukutani, unarudi kinyumenyume ili upakulie karibu na mlango wa jikoni, sasa huo mlango unaufungulia wapi. Halafu sakafu yake iko juu. Mi mfupi, na keki haibebwi kwa kunyoosha mikono, inabebwa imekaa tumboni. Dalali akanisaidia kupandisha, kaka akasema si umeona inaingia, nikamwambia imeingia kwa sababu mko wanaume watatu hapa.

Njiani ikapita vizuri sana, sitaipunja. Pale kwenye jiwe ilipita kama halipo, kaka anacheka peke yake, "haijagusa hata jani". Lakini ndani tulikuwa tunayumba, gurudumu moja likiingia shimoni gari zima linaegemea kushoto, likitoka linaegemea kulia, na yule mwenye gari shokapu alikuwa hajazigusa siku nyingi. Kufika nyumbani ghorofa ya juu imehama na krimu imepasuka upande. Fundi wangu, kijana wa Ubungo, akawa mkweli, akasema dada shokapu zikiwa mpya itatulia, usiihukumu kwa hilo tu. Nikarekebisha keki kwa kisu tukarudi juu lami.

IST sasa. Mlango unafunguka kwenda juu, na manyunyu yalikuwa yameanza tena, nikajikuta nimesimama chini ya ule mlango nasukuma boksi taratibu bila kulowa, sakafu inakuja usawa wa kiuno changu. Nikalaza siti za nyuma, zinalala upande mmoja mmoja, mtoto mmoja anakaa keki inakaa. Fundi akashika usukani mi nikakaa nyuma na keki. Kufika kwenye jiwe ikakwangua, krrrr, kaka akapiga kelele nje utadhani imepita juu ya mguu wake. Fundi akarudi nyuma, akashuka akaangalia, akanionesha kwa kidole, unaona hapa dada, tairi la kulia liache lipande hii kingo ya korongo, usikubali korongo likae chini ya tumbo la gari halafu tairi moja likaingia. Tukapita. Polepole sana, mpaka watoto wa jirani walitupita kwa miguu, ila tukapita, na keki ilikuwa pale pale nilipoiweka.

Ndo tukakaa barazani, chai, tukaikata ile keki tukaila, dalali alikula vipande vingi nadhani ndo maana baadaye alipunguza kamisheni. Hapo ndo maneno yenyewe yalikuwa.

Fundi akasema ile Rav4 injini yake ni 1AZ ya D4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya chemba ya kuunguzia kwa presha kubwa, inataka mafuta masafi na pampu yake ikisumbua utaijua bei. Kaka akasema kuna za 1ZZ, cc 1800. Zipo, fundi akajibu, ila hizo kwa Japani zilikuja za kuvuta mbele tu, hazina foo wili, ile ya kuvuta kwa tairi zote nne, sasa hapo unakuwa umelipia urefu. Kaka akanyamaza kidogo akaongeza sukari.

Mi nikachukua daftari la oda. Kwenda mjini na kurudi kwa mizunguko yangu ni kama kilomita 45. Fundi akasema IST kwenye foleni weka 12 au 13 kwa lita, Rav4 ukipata 8 shukuru. Tofauti inakaribia lita mbili kwa siku, na petroli wakati ule ilikuwa inacheza kwenye elfu mbili na mia kidogo, kwa mwezi inasogea laki moja. Na tangu wafute road licence, ile ada ya gari ya kila mwaka, 2017 wakaiweka kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita, anayechoma zaidi ndo anachangia zaidi. Laki moja ni unga, mayai na siagi za keki kadhaa. Halafu kuna ile mil 4 ya tofauti ya bei, ambayo kaka alikuwa anaiita hela ndogo kwa gari ya maana, wakati mi nilikuwa nimeshaiona Kariakoo imesimama dukani, oveni ya gesi ya deki mbili, na chenji inabaki ya friji.

"Na mvua ikiwa kubwa kweli?" kaka akauliza, na hilo ndo swali lililobaki la maana.

Nikamwambia ikiwa kubwa kweli hata hiyo Kilitime naiona inateleza kwenye ule udongo, foo wili haina uchawi kwenye matope na tairi za lami. Wiki mbaya za masika zinahesabika, mwaka mzima uliobaki napita. Kule juu lami kuna mama ana uwanja una geti, tushaongea, siku mvua imechachamaa gari inalala kwake namuachia mlinzi buku mbili, keki inapanda na vijana wawili wameshika trei. Siwezi kununua gari ya mil 13 kwa ajili ya wiki tatu nne. Kaka akaangalia ile keki iliyobaki, akasema sawa, lakini ukikwama usinipigie. Alijua ntampigia.

Jumatatu tukaandikishana kwa wakili, hela ikapita benki, kadi ikaenda kubadilishwa jina. Mume wangu kwenye simu aliuliza kitu kimoja tu, rangi gani. Wiki ileile seremala wa pale kituoni akanitengenezea ubao wa plaiwudi unaokaa sawa nyuma siti zikilala, chini nikagundisha mpira usiteleze, elfu thelathini yote. Spesa za kuinyanyua gari nilishauriwa na kila mtu na sikuweka, sikutaka iwe ndefu nikaanza tena kunyanyua keki juu ya kifua.

Sasa hivi wenye magari wamehamia kwenye gesi. Kila nikipaki kuna mtu ananiambia dada funga gesi utasahau petroli, na hesabu zao naziona ni za kweli, ila ule mtungi unakaa kwenye buti. Nikamuuliza mmoja, sasa keki ikae wapi? Akaniambia iweke siti ya mbele, uifunge mkanda.