Kutoka Bukavu hadi Goma, juu ya mawe ya Nyiragongo

Boti yetu katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na wafanyabiashara wengi, na kabla hatujakipita kisiwa cha Idjwi walikuwa wamekwisha kubishana juu ya mahali salama pa kuweka fedha: huyu alitaja benki, yule dola zilizofichwa nyumbani, na mzee mmoja akashikilia kwamba hakuna kinga ipitayo kiwanja chenye hati na ukuta wa mawe. Niliwaza Mithali 18:11, pasemapo kwamba mali ya tajiri ni boma refu, lakini katika mawazo yake tu.

Shangazi alinipokea bandarini Goma, tukatembea hadi mtaa wa Birere juu ya mawe meusi ambayo tarehe 17 Januari 2002 yalikuwa moto unaotiririka. Siku hiyo lava ilipasua ubavu wa Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Shangazi alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, akiwa amebana hati ya kiwanja kifuani. Aliporudi, hati ilikuwa nzima, nacho kiwanja kilikuwa chini ya mwamba uliopita kimo cha mlango. Kanisa kuu la Wakatoliki nalo lilikuwa limeharibiwa. "Hata jengo la ibada halikusalimika, mwanangu," aliniambia, "ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimeegemea kuta."

Nilimwuliza kuhusu tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipolipuka tena na lava ikasimama Buhene, pembezoni mwa mji. Siku chache baadaye serikali ilipoamuru mitaa kadhaa ihamwe, baadhi ya waumini wenzake walisema kwamba kuondoka ni kukosa imani. Yeye alifunga mzigo, akaenda mji wa Sake kwa miguu pamoja na wajukuu. Katika hili nasimama upande wake kabisa. Anayebaki chini ya mlima unaowaka kwa sababu ameombewa, hajamtumaini Mungu, bali amelifanya ombi lake kuwa hirizi, na hirizi ni ukuta mwingine tu. Zaburi ya 46 haisemi kwamba milima haitatetemeka. Inasema kwamba hata ikitetemeka, Mungu ni kimbilio letu, na mtu aliyeamini hivyo anaweza kuiacha nyumba yake ikiwa wazi bila kuhisi kwamba uhai wake umebaki ndani.

Shangazi bado anaweka akiba katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ya akina mama, na nyumba yake mpya imejengwa kwa mawe yaleyale ya lava. Sioni kwamba anajipinga: anavitumia vitu hivyo pasipo kuvisujudia. Jioni tuliwaombea jamaa wa Buhene waliopoteza nyumba mwaka 2021, shangazi akiwataja mmoja mmoja, na asubuhi tukaenda kuwasaidia kubeba mawe ya msingi.