Turbo inachelewa kuvuta? Tafuta uvujaji kabla ya kununua filta ya koni

Mwenye Subaru Forester au Impreza ya turbo akisema gari lake linachelewa kuvuta, ushauri wa kwanza anaopewa gereji nyingi za Dodoma ni kung'oa boksi la filta, kufunga filta ya koni na bomba la alumini. Kwa hali ya hapa, ushauri huo karibu kila mara ni kupoteza hela, na wakati mwingine ni kupoteza injini.

Kwanza tujue tunalalamikia nini. Ukikanyaga resi ukiwa gia ya nne kwenye RPM 1,800 (mizunguko ya injini kwa dakika), moshi unaotoka hautoshi kuizungusha turbo, ile pampu inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa. Hiyo ni gia isiyofaa, shusha gia. Kuchelewa kwa turbo ni muda unaopita ukiwa tayari kwenye mzunguko wa kutosha, tuseme RPM 3,000, tangu unapokanyaga hadi presha inapojaa. Watu wengi huyachanganya haya mawili, kisha wananunua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Halafu kuna mwinuko. Dodoma mjini ni zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ina presha ya takriban kilopaskali 88 hadi 89, wakati Dar es Salaam ni kama 101. Kabla turbo haijaamka, injini inavuta hewa pungufu kwa asilimia 12 hivi, inatoa moshi pungufu, na turbo nayo inachelewa zaidi kuamka. Hata gari lisilo na ubovu wowote likitoka Dar litaonekana zito hapa. Jipimie mwenyewe: chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ikiwa inasoma 88 au 89, sensa iko sawa. Ikisoma 100 ukiwa Area C hapa Dodoma, sensa inadanganya, na kompyuta inapanga mambo yake kwa uongo huo.

Sasa filta. Kizuizi cha filta pamoja na boksi lake hakikui sawasawa na hewa inayopita. Hewa ikiwa mara mbili, kizuizi huwa karibu mara nne. Chukua filta ya karatasi safi ndani ya boksi lake, inayopoteza kilopaskali 3 injini ikiwa RPM 6,000 na presha kamili. Kwenye RPM 2,500 kabla turbo haijajaa, hewa inayopita ni kama moja ya tano tu, na kizuizi kinabaki karibu 0.12. Hapo ndipo turbo inapochelewa, na hapo filta haizuii chochote cha maana. Filta ya koni inaweza kukupa kitu kidogo juu kabisa ya mzunguko, lakini kule chini unachopata ni sauti.

Tena koni iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ikilinganishwa na ya nyuzi 32 ya nje ina uzito pungufu kwa asilimia 8. Boksi la kiwandani na mdomo wake unaochukua hewa ya mbele vimewekwa kwa sababu hiyo.

Kinachoua injini ni kipenyo cha bomba. Sensa ya hewa kwenye Subaru hizi ina waya wa moto unaopima kasi ya hewa inapoupita, na kompyuta inajua ukubwa wa bomba la kiwandani peke yake. Ukihamishia sensa kutoka bomba la milimita 65 kwenda la milimita 70, eneo linaongezeka asilimia 16, hewa ileile inapita polepole, na sensa inasoma pungufu kwa asilimia 14. Petroli inapungua, na cheche inawahi kwa sababu kompyuta inadhani mzigo ni mdogo. Injini inaanza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, turbo ikijaza presha, na kwenye injini ya Subaru ya EJ20 ya turbo kinachovunjika ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Anayetaka bomba kubwa lazima alipie na programu mpya ya kompyuta siku hiyohiyo.

Basi tuje kwenye uvujaji, maana ndiko uchelewaji mwingi unakotoka. Tengeneza kizibo cha bomba la PVC kinachoingia kwenye hosi ya kuingizia hewa kwenye turbo, baada ya sensa, na ukitoboe upachike valvu ya tairi lisilo na tyubu. Bana hosi ya pumzi ya injini inayoungana na bomba hilo, la sivyo hewa itaingia kwenye krenkesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kusukuma sili za oili. Jaza polepole hadi psi 10, na usizidishe presha ambayo gari lenyewe hutumia. Kisha mwagia maji ya sabuni kila kiungio.

Povu la uvujaji mdogo halirushi mapovu makubwa. Linatoka jeupe, zito, linakua taratibu ukingoni mwa hosi kama uyoga, ukilifuta linarudi palepale. Kwenye Subaru zenye intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) juu ya injini, angalia mpira wenye umbo la Y kati ya turbo na intakula, gaskiti ya valvu ya kurudishia hewa, na ile hosi ndefu ya kuingizia hewa inayopita chini ya manifoldi. Hii ya mwisho hupasuka upande wa chini usioonekana, na mpira wake hukauka kwa joto. Kwenye dizeli, pakague viungio vya hosi za intakula. Alama ya oili yenye vumbi lililoganda inaonyesha hewa inapotokea.

Prado na Hilux zenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV zina jambo lao. Turbo yake ina mapezi yanayojifunga na kujifungua kuongoza moshi. Masizi yakiyagandisha yakiwa wazi, gari linakuwa zito chini na kuchangamka juu. Hakuna filta itakayorekebisha hilo. Turbo inafunguliwa na kusafishwa.

Upande wa moshi ndiko kwenye faida ya kweli. Uvujaji wowote kabla ya turbo unamwaga nguvu iliyokuwa iizungushe. Sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi: mlio wa tik-tik unaopungua ikipata joto ni gaskiti au ufa. Bomba pana linaloshuka kutoka kwenye turbo hupunguza uchelewaji kuliko kitu chochote unachoweza kufunga upande wa kuingiza hewa, ingawa nalo linadai programu, kwa sababu presha inaweza kupanda kupita kiasi.

Intakula kubwa ya mbele inalaumiwa kwa uchelewaji kuliko inavyostahili. Injini ya lita 2 kwenye RPM 3,000 inameza kama lita 50 kwa sekunde. Mabomba yakiongeza lita 4, umeongeza chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Na vumbi. Kuanzia Juni hadi Novemba barabara za vumbi za Kongwa na Mpwapwa zinaleta unga laini unaopenya pamba iliyopakwa oili kirahisi kuliko karatasi, na oili ikizidi inaganda kwenye waya wa sensa. Kwa hapa ningebaki na karatasi. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya filta. Kikitoka na wekundu, filta haizibi vizuri. Kisha tazama feni ya turbo kwa tochi: ncha zake zikiwa butu kama zilizopigwa msasa, vumbi limeshakula. Kupuliza filta kwa kompresa kwa presha yote kunatoboa karatasi bila wewe kuona. Ukilazimika, psi 30 zisizidi, kutoka upande safi kwenda mchafu, mdomo wa kompresa ukiwa mbali sentimita 15. Sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu, waya usiguswe, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Ukishaziba uvujaji wote ukaamua kufanya programu, mwambie fundi gari linaishi wapi. Kufikia kilopaskali 190 ndani ya manifoldi, ukijumlisha na presha ya hewa ya nje, turbo ya Dar inabana hewa mara 1.9, ya Dodoma mara 2.15, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Gari lililopangiwa hapa likishuka pwani, turbo inaamka mapema na presha inaweza kupita lengo. Safari ya kwanza chini ya Morogoro, tazama geji ya presha kabla ya kukanyaga hadi mwisho.