Alamu ya mtu kuanguka baharini ilikuwa haitokei kwenye skrini, hivi ndo nilivyotatua

Wakuu, boti yetu ya uvuvi ina vile vifaa vya AIS (mfumo wa redio unaoonyesha meli zilipo kwenye skrini) kwenye laifujaketi, ukibonyeza testi taa inawaka fresh ila skrini ya nahodha kimyaaa, fundi akataka tununue antena mpya. Kumbe testi inatumwa na status (namba ya hali kwenye ujumbe wa AIS) 15, mtu akianguka kweli ndo 14, na skrini yetu ilikuwa imesetiwa kuficha za testi. Nikaingia setingi za AIS nikaruhusu zionekane, tukajaribu nje GPS ione anga, ikatokea namba inayoanzia 972 na maandishi MOB TEST (MOB ni mtu kaanguka majini). Nikafunga na spika ya nje, maana injini ikinguruma ile bip nani ataisikia? Ila msijaribu kwa kukiwasha kabisa, meli za jirani zitajua mtu anazama kweli.