Ticha, nani alikivunja?

Nilikuwa na kijiwe nyumbani, kimechongoka kama penseli nene, sentimita 14 nilikipima kwa rula, na mtu akiniuliza kimetoka wapi najibu nilikiokota pangoni. Uongo. Nilikivunja mwenyewe darini mwa pango nikiwa na miaka 12, nimepanda mabegani kwa mwenzangu, kikalia ka! kama chaki, na ile raha niliyoisikia pale naikumbuka mpaka kesho, raha ya kuwa na kitu wenzako wote hawana.

Sasa mwaka 2019 mimi ni mwalimu, nina watoto wa miaka tisa na kumi, nikaamua kuwapeleka pangoni. Watoto kumi na moja, watu wazima watatu ukihesabu na muongozaji wa pale. Kazi ilikuwa kwa wazazi, manake mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wale vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao wakwame kwenye pango la Tham Luang kule Thailand, waliingia pakiwa pakavu mvua ikapiga maji yakajaa nyuma yao wakakaa humo zaidi ya wiki mbili, na kila mzazi alikuwa ameiangalia hiyo habari kwenye tivii. Nikawaahidi kwamba nikiona wingu la mvua popote pale upande wa milimani hatuingii. Na kweli safari ya kwanza niliahirisha, mlangoni jua linawaka lakini kule juu mbali kumejaa weusi, na maji ya pangoni hayasubiri mvua inyeshe kichwani kwako, yanakuja kutoka huko huko. Watoto walilia, mzazi mmoja aliniita muoga. Sawa tu.

Wiki moja kabla ya kwenda tulijiandaa darasani. Nilidondoshea siki kwenye kipande cha jiwe la chokaa likaanza kutoa vipovu, wakapiga kelele utafikiri nimefanya uchawi, nikawaeleza kwamba mvua nayo ikipita hewani na kwenye udongo inabeba kaboni dayoksaidi inakuwa na ukali kidogo tu, hata ulimini huusikii, ila ukiipa muda inakula jiwe mpaka linakuwa shimo mtu anapita amesimama. Af tone lile lile likifika darini mwa pango linaacha punje ya chokaa, kesho punje, keshokutwa punje. Majina yalitusumbua, stalaktiti na stalagmiti nani anakumbuka ipi ni ipi, mpaka kabinti kamoja kakasema ticha mbona rahisi, stalakTITI inaning'inia, stalagMITI inaota chini kwenda juu. Darasa lilikufa kwa kicheko. Mimi nilisoma hayo maneno miaka na miaka na sikuwahi kuona hiyo.

Hapo ndo nikatoa kijiwe changu kwenye begi kizunguke mkono kwa mkono. Kwenye kile kichwa kilichokatika unaona duara ndani ya duara kama gogo, na katikati katundu kadogo maji yalikokuwa yanapita. Nikawaambia kwa kawaida kinarefuka kama sentimita 10 kwa miaka 1,000, vingine vinawahi vingine vinachelewa, na ukikishika tu yale mafuta ya kidole yanazuia chokaa isishike na panakuwa peusi, kwa hiyo jamani hatushiki. Kale kabinti kakakigeuza geuza, kakaangalia pale palipokatika, kakauliza, "Ticha, nani alikivunja?"

Nikasema nilikiokota.

Siku ya safari nilikuwa nimeandika sheria kumi kwenye karatasi, zote zinaanza na usi. Muongozaji, mzee mmoja mpole anaongea utafikiri analipia maneno, alizisoma akanirudishia, akawaambia watoto vitu vitatu tu: mikono ishike kamba za begi lako mwenyewe, sauti iwe kama kuna mtoto mchanga amelala chumbani, na nikisimama simama. Basi. Nilikereka kidogo lakini mpaka tunatoka hakuna hata mmoja aliyesahau, na zile kumi zangu hata mimi sasa hivi siwezi kuzitaja. Kila mtu alikuwa na helmeti na taa tatu, ya kichwani, ya mkononi na ya akiba, hilo watu wa mapango hawana mchezo nalo, manake taa ikizima humo macho hayazoei giza hata ukae mwezi.

Mlangoni akagoma yule niliyedhani ndo jasiri kuliko wote, mkorofi wa darasa, akaganda kabisa. Mimi nilishaanza kumbembeleza, ooh wenzako wanakuona, ooh hamna kitu humo, mzee akaniwekea mkono begani nikanyamaza. Akakaa naye chini pale pale mwanga wa nje unapoishia, hakumwambia aingie wala asiingie, wakawa wanahesabu vitu, kigoga cha kijani kwenye jiwe, buibui, unyayo wa mnyama, jinsi majani yanavyopungua kadri unavyosogea ndani mpaka yanaisha. Sisi wengine tunasubiri, naangalia saa, dakika ishirini zinakwenda hivi hivi na mimi roho inaniwasha. Af mtoto akanyanyuka mwenyewe akasema twendeni basi, kama vile sisi ndo tulikuwa tunamchelewesha.

Ndani kulikuwa na ubaridi ule usiobadilika wa pangoni, tukatembea taratibu, nikaona mtoto mmoja kajiziba mdomo kwa mkono mashavu yamevimba. Nikamuuliza una nini, hajibu, anaonyesha tu ukutani. Kumbe niliwasimulia kuhusu Lascaux kule Ufaransa, lile pango lenye michoro ya wanyama ya maelfu ya miaka ambalo vijana wanne waliligundua mwaka 1940, likafunguliwa kwa watu, na mwaka 1963 likafungwa kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaharibu kuta mpaka mwani wa kijani ukaota. Mtoto wa watu kaamua asipumue! Pumua mwanangu, nikamwambia, kule walikuwa wanaingia mamia kwa mamia kila siku, sisi leo ni wachache, pumua utaniangukia hapa.

Tulitakiwa kufika chumba kikubwa cha mwisho, picha yake niliwaonyesha darasani nikawaahidi. Hatukufika. Mzee alisimama ghafla, akashusha taa yake chini, tukasikia mchakacho mdogo mdogo juu kama watu wengi wananong'ona, popo. Akasema kwa sauti ya chini wana watoto. Popo jike kwa kawaida anazaa mmoja tu kwa mwaka, wakishtuka wote wakaruka kwa pamoja kale katoto kanaweza kuachia kakadondoka chini na ndo basi tena. Akageuka. Hakutuuliza tunaonaje, kageuka tu kuanza kurudi, na watoto kumi na moja wakageuka nyuma yake kimya, kamba za begi mkononi. Mimi ndo niliyebaki sekunde kadhaa naangalia kule mbele, nimelipia safari, nimeahirisha mara moja, nimeahidi.

Tukarudi mpaka penye sehemu tambarare tukakaa, mzee akasema sasa tuzime taa zote. Tukazima moja moja. Giza lile si la usiku, usiku kuna nyota kuna nini, hili lilikuwa kama umefumba macho huku umeyafumbua. Mmoja akasema naona mkono wangu, mwenzake hata mimi, mzee akasema hamuoni, ubongo unajua mkono uko wapi basi unawachorea. Wakacheka kidogo, wakanyamaza, tukabaki na tone linadondoka sehemu, tii, halafu muda mrefu, tii.

"Ticha." Nikaijua sauti. "Kile kijiwe ulikiokota kweli?"

Sijui kwa nini gizani ni rahisi. Nikasema hapana, nilikivunja, nilikuwa na umri kama wenu.

Tii.

Mwingine huko pembeni akawa anahesabu kwa kunong'ona, sentimita 10 miaka 1,000, nne zilizobaki ni 400, akasema kwa sauti, "Miaka 1,400!" Na mkorofi wangu akauliza, "Kukivunja ulitumia muda gani?" Nikasema sekunde moja hivi. Mzee wa watu, yeye na mtoto wake mchanga amelala, akaangua kicheko pango zima likaitikia.

Tulipotoka nje wakanizunguka, nikirudishe, wengine wanataka kigundishwe kwa gundi. Mzee akauliza kilitoka pango hili? Nikasema hapana, la mbali. Akasema basi usikiache kwangu, hapa kitakuwa takataka na atakayekikuta atadhani ni cha hapa.

Kwa hiyo kikaenda kwenye kabati la darasa. Jumatatu nilikuta wameshakiwekea kikaratasi, mwandiko wa kale kabinti: Miaka 1,400. Kilivunjwa na Ticha kwa sekunde 1. Nikawaomba angalau waongeze "akiwa mdogo". Wakapiga kura, nikashindwa nane kwa tatu.