Soksi ya Agosti 1984

Leo meza ya jikoni imeonekana tena, baada ya siku tisa za kulala chini ya sarafu. Vidole vyangu bado vinanuka shaba. Nimeviosha mara tatu na harufu haijatoka.

Ami alifariki mwezi wa Rajabu, na wasia wake ulikuwa mfupi: mirathi igawiwe kwa sheria ya dini yetu. Hakujaaliwa mtoto. Mkewe ana robo, shangazi yangu aliyeko Unguja ana nusu, na mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, nachukua robo inayobaki. Pesa za benki hazikutusumbua. Kilichobaki ni mikebe minne ya biskuti iliyojaa sarafu za zamani za Kiingereza, na mali haigawiki mpaka ijulikane thamani yake. Nikajitolea nizichambue mimi.

Ami alifika Portsmouth mwaka 1965 akapata kazi ya ukondakta wa basi. Hapo Waingereza walikuwa bado wanahesabu kwa mtindo wao wa kale: peni 12 shilingi moja, shilingi 20 pauni moja, kwa hiyo pauni ni peni 240. Kutwa nzima sarafu zilipita mkononi mwake, na iliyompendeza aliitoa kwenye mkoba wa nauli na kurudishia ya kwake kutoka mfukoni. Alinisisitizia hilo kila tulipozungumzia mikebe yake, kwamba hakuna hata peni moja ya kampuni humo ndani. Februari 15, 1971 hesabu ile ikafutwa, pauni ikawa peni 100. Lakini shilingi ziliendelea kupokelewa kama peni tano mpya hadi 1990, na yeye akaendelea kuokota.

Mikebe miwili ilikuwa ya peni tupu, zile kubwa za shaba zenye mwanamke aliyeketi na mkuki wake wa meno matatu. Karibu nusu yake ni za 1967, na za mwaka huo zilipigwa zaidi ya milioni 600, basi hazina bei. Niliitafuta ya 1933 kama anavyoitafuta kila mtu, maana zinazojulikana duniani zinahesabika kwa vidole. Haimo. Nilipata moja ya 1919 yenye herufi KN ndogo sana ubavuni mwa mwaka, alama ya kiwanda cha Birmingham kilichosaidia kupiga sarafu wakati ule, na nikakaa nayo chini ya taa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mkebe wa tatu. Sisi neno letu la pesa ndilo neno la madini, fedha, na hapo ndipo nilipouona ukweli wake. Sarafu nyeupe za Uingereza zilizopigwa kabla ya 1920 zina fedha asilimia 92.5. Kuanzia 1920 hadi 1946 ni asilimia 50. Kuanzia 1947 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo nikaacha kupanga kwa ukubwa, nikapanga kwa miaka, mafungu matatu. Zile ambazo mwaka wake umesagika nilizidondosha juu ya ubao wa kukatia mboga na kusikiliza. Yenye fedha nyingi inalia na mlio unabaki kidogo hewani. Ya nikeli inasema neno moja ikanyamaza. Baada ya siku mbili mke wa ami, akiwa chumba cha pili, akawa ananitajia kabla sijatazama: "Hiyo ni ya kale, mwanangu."

Kilichonirahisishia ni kwamba uzito wake unakwenda kwa thamani. Shilingi ni gramu 5.66, sarafu ya peni sita ni nusu yake, nusu krauni, yaani shilingi mbili na nusu, ni gramu 14.14. Basi fungu zima unaliweka kwenye mizani pamoja. La kati lilitoa gramu 2,860, maana yake fedha halisi 1,430. La kabla ya 1920 lilikuwa gramu 312, fedha 288 na ushei. Nikaandika, nikampigia shangazi nimsomee.

Aliniacha nimalize, kisha akauliza, "Na ile ya tundu ipo?"

Ilikuwepo, chini kabisa ya mkebe wa tatu. Senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeacha kiti Desemba ya mwaka huo huo kabla Waingereza hawajapata sarafu zake za matumizi. Sisi tulizipata, tukanunulia ndimu na mafuta ya taa. Na 1936 ndio mwaka Unguja ilipoacha rupia ikaingia kwenye shilingi. Bei yake ni ndogo mno. Shangazi anasema ilikuwa kwenye uzi shingoni mwa ami siku aliyoondoka. Hiyo haikuingia kwenye hesabu. Sote watatu tumekubaliana iende kwa shangazi.

Mkebe wa nne ulikuwa na soksi. Ami alizifunga sarafu zake nzuri kwenye karatasi na juu akaandika mwaka, mfalme na hali yake, kwa mwandiko wa chuoni. Soksi hii ilikuwa na kikaratasi kimoja tu: jina langu, na "Agosti 1984".

Nilikuwa na miaka tisa, nimeletwa kwake miezi michache kabla. Bibi alinifundisha kusugua vikuku vyake kwa majivu na ndimu. Portsmouth hakuna majivu, nikatumia dawa ya meno. Nilimsubiri arudi kazini, nikamwonyesha sarafu 38 nilizozipanga kwenye sinia. Alizitazama moja moja. "Zinang'ara kama mwezi," alisema, akanibusu kichwani.

Alhamisi nilizipeleka kwa muuza sarafu. Aliishika krauni ya Malkia Victoria ya 1887, akaiinamisha kwenye taa, na hata mimi nikaiona: mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja. Akasema zote zimesuguliwa, na sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji haitaki. Akanipa bei iliyozidi kidogo tu ile ya madini. Kumbe zilikuwa bora kuliko zote alizokuwa nazo ami, ndiyo maana zilikaa peke yake, na ndiyo maana nilizichagua. Yeye alijua hayo siku ile ile, kabla hajaliweka chini lile sinia. Miaka yote aliyoishi baadaye hakuniambia.

Nimewaeleza shangazi na mke wa ami kila kitu, nikaomba hizo 38 ziingie kwenye robo yangu kwa bei aliyotaja muuzaji. Wameridhia. Kwenye krauni ile dawa ya meno imekauka ndani ya herufi za jina la malkia, nyeupe mpaka leo. Mke wa ami alileta kitambaa chenye maji ya moto. Nikamwambia, "Ziache hivyo hivyo, mama," nikazirudisha kwenye soksi pamoja na kikaratasi chake.